Kupatwa kwa Mwezi: Saa Ngapi na Mahali Gani

Katika mwezi wa Septemba mwaka 2024 tulipata aibu ambayo hatujaisahau. Tulikuwa tumesoma katika kitabu cha hesabu za nyota ya kwamba mwezi utapatwa tarehe 18, nasi tukawaarifu watu wa kijiji kimoja watoke nje Jumatano usiku wautazame. Wakatoka. Watoto waliachwa bila kulala, wazee wakatandikiwa mikeka uani, na mwezi ukapanda mzima, mweupe kama sahani, ukaendelea hivyo hata usiku wa manane. Hakuna kilichoupata. Mzee mmoja akatutazama, akasema kwa upole, “Wanangu, labda mwezi haukusoma kitabu chenu.” Kumbe kitabu kilisema kweli, na makosa yalikuwa yetu. Mwezi ulikuwa umekwisha kupatwa alfajiri ya siku ile ile ya Jumatano, tangu saa 11 na dakika 13 hata saa 12 na dakika 16, sisi tukiwa vitandani.

Aibu yetu si kitu, nayo ingepita. Lakini neno baya zaidi ni hili: watu waliokeshewa bure mara moja hawatatoka tena wakiitwa na mwalimu wala karani. Siku mwezi utakapopatwa kweli mbele ya macho yao, watamwendea yule asemaye kwamba ni ishara ya tauni au ya njaa, naye atawaambia walete kuku mweupe na fedha kidogo ili balaa iondoke. Na kwa kuwa mwezi haukosi kurudi katika nuru yake, atasema yeye ndiye aliyeurudisha. Kwa sababu hiyo twaandika somo hili, ili msomaji wetu aweze kuzijua siku na saa mwenyewe, tena ajue asimame wapi.

Neno lenyewe, kupatwa, lina mafunzo yake. Mtu hupatwa na homa, hupatwa na msiba; basi waliotutangulia walipoona mwezi umeingia giza walisema nao umepatwa, yaani kitu kimeushika. Kitu gani? Hapo kila nchi ilikuwa na jawabu lake. Wengi duniani walisema ni joka au mnyama mkubwa aumezaye mwezi, wakapiga ngoma na vyombo ili autapike, naye kila mara akautapika! Hatuwacheki watu hao. Mtu aliyepiga ngoma akaona mwezi umerudi alikuwa na ushahidi mbele ya macho yake, na ushahidi wa namna hiyo hauvunjwi kwa maneno matupu.

Kiupatacho mwezi ni kivuli cha dunia hii tuikanyagayo. Jua laiangaza dunia upande mmoja, na upande wa pili dunia yatupa kivuli angani, kama mnazi utupavyo kivuli uani. Kivuli hicho ni kirefu mno, yapata kilometa 1,400,000, nacho chapungua unene kadiri kiendavyo mbali, mfano wa pembe ya ng'ombe. Mwezi uko mbali nasi kadiri ya kilometa 384,000. Mahali hapo upana wa kivuli ni kama kilometa 9,000, na upana wa mwezi wenyewe ni kilometa 3,474 tu. Kwa hiyo mwezi waweza kuzama wote ndani ya kivuli na nafasi ikabaki, na ndiko kupatwa kote. Au waweza kupita ukingoni, upande mmoja ndani na upande mmoja nje, na ndiko kupatwa kwa sehemu.

Asiyesadiki na ajaribu hivi. Asubuhi, jua likiwa bado chini, achukue nazi iliyofuliwa, yenye upana wa kama sentimeta 11, aichomeke juu ya fimbo. Kisha mwenzake asimame hatua nne upande wa kivuli, ameshika ndimu ndogo kwenye kijiti, upana wake sentimeta 3. Nazi ni dunia, ndimu ni mwezi, na jua ni jua lenyewe. Hapo vipimo vyote vimelingana na vya mbinguni, upana kwa upana na umbali kwa umbali, kwa kadiri mkono wa mtu uwezavyo. Ndimu ikipitishwa taratibu katika kivuli cha nazi, itaingia giza kwa ukingo mmoja, itazama, kisha itatokea upande wa pili. Ikiinuliwa kidogo, itaguswa nusu tu. Ikiinuliwa zaidi, itapita juu katika nuru bila kuguswa kabisa. (Watoto wasiligeukie jua kulitazama, kazi yote iko upande wa kivuli.)

Jaribio hilo lajibu pia swali ambalo wanafunzi hawaachi kuliuliza. Kama mwezi huzunguka dunia kila mwezi, mbona haupatwi kila mwezi? Sababu ni kwamba njia ya mwezi imeinama, kadiri ya digrii 5, kuliko njia ya dunia kulizunguka jua. Miezi mingi mwezi mpevu hupita juu ya kivuli au chini yake, kama ndimu iliyoinuliwa. Tena mwenye akili ataona ya kuwa mwezi hauwezi kupatwa ila usiku wa mwezi mpevu, kwa maana ndipo dunia ikaapo katikati ya jua na mwezi. Akitokea mtu akasema mwezi utapatwa siku ya tano ya kuandama, mwacheni aende zake.

Sisi twaona kupatwa kwa sehemu kwafundisha kuliko kupatwa kote, ijapokuwa watu hukudharau. Mwezi ukipatwa wote, watu hushangazwa na wekundu wake wakasahau mengine. Ukipatwa sehemu, ukingo wa kivuli waonekana umepita juu ya uso wa mwezi, nao ni mviringo daima, katika kila kupatwa na kila nchi. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani aliyekufa mwaka 322 kabla ya kuzaliwa Kristo, alitoa hoja hiyo kuwa ni dalili ya umviringo wa dunia, kwa kuwa kitu kinachotupa kivuli cha mviringo kila kigeuzwapo hakina budi kuwa mviringo chenyewe. Hakuwa na darubini wala chombo. Alikuwa na macho, kama msomaji wetu.

Yafaa hapa tukumbushe habari moja ya zamani, kwani yaonyesha faida ya kujua saa, na hasara ya kutoijua. Baharia Christopher Columbus alikwama katika kisiwa cha Jamaica tangu mwaka 1503, mbao za merikebu zake zimetobolewa na wadudu wa baharini. Wenyeji wakamlisha yeye na watu wake miezi mingi, hata wakachoka, wakaacha kuleta chakula. Columbus alikuwa na kitabu cha hesabu za nyota kilichopigwa chapa Ulaya, na ndani yake aliona kwamba mwezi utapatwa tarehe 29 Februari 1504. Akawaita wakubwa wa nchi, akawaambia kwamba Mungu amewakasirikia kwa kumnyima chakula, na usiku ule ataonyesha hasira yake mwezini. Jioni mwezi ukapanda, giza likaula, watu wakalia, wakamletea vyakula. Wengi huisimulia habari hii kwa kucheka, kama hadithi ya sungura. Sisi twaona ni habari ya watu walionyang'anywa mali yao na mtu aliyewashinda kwa jambo moja tu, yaani kujua siku na saa. Tena angalieni: saa zilizoandikwa katika kitabu chake zilikuwa za Ulaya, si za Jamaica. Alipaswa kuzigeuza. Kama angekosa katika kuzigeuza kama sisi tulivyokosa mwaka 2024, pengine angelala na njaa.

Basi na tujifunze kugeuza saa, kwa kutumia kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 28 Agosti 2026. Twakuchagua huko kwa sababu mbili. Kwanza ni kukubwa: katika upana wa mwezi, sehemu 93 katika 100 zaingia kivulini, hata wabaki ukingo mwembamba tu wenye nuru. Pili, kwetu Afrika Mashariki kwaangukia wakati wa mwezi kuzama, na kwa hiyo mtu wa Kigoma na mtu wa Dar es Salaam hawaoni sawasawa. Hakuna mfano ufundishao zaidi jambo la mahali.

Vitabu vya hesabu za nyota huandika saa za Greenwich, katika mji wa London, ambazo zatumika duniani kote kuwa kipimo kimoja. Katika saa hizo, kivuli chaanza kuugusa mwezi saa 2.34, chafika upeo wake saa 4.13, nacho chautoka saa 5.52. Msomaji akizisoma saa hizo kwa Kiswahili atapotea kabisa, kwa maana atadhani ni saa mbili na nusu usiku, au saa mbili na nusu asubuhi! Kwanza aongeze saa 3, kwa kuwa saa za Tanzania, Kenya na Uganda zimetangulia saa za Greenwich kwa saa tatu: 2.34 yawa 5.34. Hiyo ndiyo saa isomwayo katika simu na katika ratiba za ndege, ihesabuyo tangu usiku wa manane. Kisha aigeuze iwe saa ya Kiswahili, ihesabiwayo tangu machweo na macheo: 5.34 ya alfajiri ni saa 11 na dakika 34. Upeo, kwa njia hiyo hiyo, ni saa 1 na dakika 13 asubuhi, na mwisho ni saa 2 na dakika 52. Mtu wa Kigoma aliye na ndugu Bujumbura akumbuke kwamba saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, hivyo ndugu yake atakuta kivuli kimeanza saa 10 na dakika 34, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Sasa siku. Hapa ndipo tulipoanguka sisi, na twaomba msomaji asome polepole. Tarehe 28 Agosti 2026 ni Ijumaa. Kalenda ya ofisini huianza siku usiku wa manane, kwa hiyo alfajiri hiyo ni ya Ijumaa. Lakini wazee wa pwani huianza siku jua likichwa. Kwao “usiku wa Ijumaa” ni ule ufuatao machweo ya Alhamisi. Karani kijana akiambiwa “usiku wa Ijumaa” hufahamu usiku baada ya mchana wa Ijumaa. Neno moja, usiku mbili! Katika habari hii wazee wana hesabu iliyo salama zaidi, kwani usiku wao wa Ijumaa ndio uishao kwa kupatwa kwa mwezi, na yule kijana angetoka nje saa kumi na mbili na zaidi baada ya mambo kwisha. Njia nzuri ya kutangaza ni kusema “usiku wa kuamkia Ijumaa, karibu na alfajiri.” Maneno hayo hayana njia mbili. Kwa hesabu ya mwezi wa kuandama ni katikati ya Mfungo Sita, siku chache tu baada ya Maulidi, na hapo mwezi ni mpevu kama ipasavyo.

Tuje mahali. Kivuli huugusa mwezi kwa wakati mmoja kwa watu wote duniani, hakuna anayetangulia. Kinachotofautiana ni kama mwezi uko juu ya upeo wa macho ya mtu wakati huo, au umekwisha kuzama. Alfajiri hiyo mwezi wazama upande wa magharibi karibu sawa na jua lichomozapo mashariki, na jua huwachomozea watu wa pwani mbele ya watu wa bara. Mtwara, Dar es Salaam na Mombasa mwezi wazama kadiri ya saa 12 na dakika 25. Nairobi ni saa 12 na dakika 33 hivi, Dodoma ni saa 12 na dakika 40, Mwanza na Kampala zapata saa 12 na dakika 50, Tabora dakika mbili baadaye. Kigoma wazama saa 1 na dakika 5, kama vilima vya ng'ambo ya Kongo havikuuficha mbele kidogo.

Watu wasidhani kwamba dakika 40 kati ya Dar es Salaam na Kigoma ni jambo dogo. Mwezi husogea kila saa kadiri ya upana wake mwenyewe, basi kila dakika ina kazi. Wa Dar es Salaam, mwanga wa asubuhi ukiwa bado haujawa mkali, yapata saa 12 na dakika 2, ataona theluthi ya upana wa mwezi na zaidi kidogo imeliwa. Baada ya hapo kivuli chazidi, lakini mbingu nayo yazidi kuwa nyeupe, na mwezi ukizama umefunikwa karibu theluthi mbili pengine asiweze kuuona tena. Wa Kigoma, katika mwanga ulio sawa na ule, yapata saa 12 na dakika 40, auona mwezi umefunikwa karibu sehemu nne katika tano. Huo ndio urithi wa mtu wa bara siku hiyo. Aghalabu mambo mapya hufika pwani kwanza, na bara hungoja. Hili laenda kinyume.

Tukizidi kwenda magharibi mambo yazidi kuwa mazuri. Accra, katika nchi ya Ghana, waona upeo wake mwezi ukiwa bado juu usiku, na watu wa Brazil waona yote tangu mwanzo hata mwisho. Ndugu zetu walioko Maskati hawaoni kitu, kwa sababu mwezi wao wazama zaidi ya nusu saa kabla kivuli hakijaugusa. Akipiga simu mtu wa Unguja kumwamsha jamaa yake wa Oman akautazame mwezi, atamsumbua bure.

Mahali pa kusimama pataka fikira. Mtazamaji atake upande wa magharibi ulio wazi hata chini, kwa kuwa saa kivuli kianzapo mwezi uko chini tayari, na kila dakika washuka. Watu wa Dar es Salaam wana desturi ya kwenda ufukweni kila wapatapo jambo la mbinguni, lakini ufuko wao waelekea mashariki, na mwezi utakuwa nyuma yao kati ya majumba na minazi. Afadhali wapande darini au kilimani. Unguja ni kinyume: Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa kisiwa, na asimamaye Forodhani ana bahari mbele yake na mwezi juu ya bahari. Vivyo hivyo Ujiji na Kigoma wana ziwa, Musoma wana ziwa, na watu wa Mbamba Bay wana Ziwa Nyasa lote mbele ya macho. Bukoba wana ziwa pia, lakini liko mashariki, na vilima viko magharibi. Wao hawana budi kupanda. Akaaye bondeni katika milima ya Usambara au ya Uluguru, mwezi wake utazama nyuma ya mlima kabla kivuli hakijaanza kazi, wala asilaumu gazeti. Wingu halina dawa, lakini Agosti ni wakati wa kiangazi katika sehemu nyingi za bara, na tumaini ni kubwa.

Ataona nini? Tangu saa 10 na dakika 24 mwezi huwa katika kivuli chepesi kizungukacho kivuli kizito, na jicho halitambui neno, labda weupe wake wafifia kidogo mwishoni. Kisha, baada ya saa 11 na nusu, ukingo wa juu waonekana kama umeshikwa na moshi. Twasema wa juu, kwa mtazamaji aelekeaye magharibi katika nchi zetu. Kutoka hapo giza lashuka na kwenda mkono wa kushoto, ambao ni kusini, na nuru yarudi nyuma kuelekea kulia kwa chini. Sehemu iliyofunikwa ni ya kijivu cheusi. Ikiwa kubwa huenda ikaonyesha rangi ya shaba, kwa kuwa hewa ya dunia yapinda mwanga mwekundu wa jua kidogo na kuupenyeza kivulini. Sisi hatumwahidi mtu wekundu huo wakati mbingu zimeanza kupambazuka. Mtazamaji wa Kigoma aliye na bahati huenda akaona mwezi bado haujazama na jua limekwisha kutoa ukingo nyuma yake, jambo ambalo lamstaajabisha kila afikiriye ile nazi na ndimu, maana dunia imo katikati yao. Hewa hiyo hiyo ndiyo ipindayo mwanga na kuviinua vyote viwili machoni petu.

Kuutazama mwezi hakudhuru jicho, wala hakuhitaji kioo cheusi. Jua ndilo lisilotazamwa likipatwa, na watu wasichanganye mambo hayo mawili. Wapo walioharibika macho kwa kuyachanganya.

Kuhusu hofu. Tumesikia ikisemwa kwamba mwezi ukipatwa bahari itafura. Ni kweli kwamba siku hiyo maji ni makubwa, lakini ni bamvua ile ile ijayo kila mwezi mpevu na kila mwezi mwandamo. Mvuvi wa pwani aijua kuliko sisi. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambao huvua kwa taa usiku wa giza, wakati wa mwezi mpevu aghalabu wako nchi kavu, kwa hiyo wana nafasi ya kutazama. Mama mwenye mimba hadhuriki na kivuli hiki, kama asivyodhurika na usiku, maana usiku wenyewe ni nini ila kivuli cha dunia kimetufunika sisi? Tumo ndani yake kila siku saa kumi na mbili, nasi twalala usingizi.

Waislamu wana sala yao ya kupatwa kwa mwezi, na alfajiri hiyo wengi wao watakuwa wamekwisha kuamka. Wala dini yao haikuwafundisha woga wa ishara. Yapata mwaka 632 jua lilipatwa Madina siku aliyokufa Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Mtume mwenyewe aliyefiwa akawakataza, akawafahamisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Baba mwenye uchungu angeweza kunyamaza akayaacha maneno yale yamtukuze mwanawe. Hakunyamaza. Habari hii twaipenda, nasi tusio wa dini hiyo twaisimulia mara nyingi kwa watoto wa shule.

Asiyejaliwa na kupatwa huko, kwa wingu au kwa usingizi, mwezi wapatwa sehemu tena tarehe 6 Julai 2028. Huko ni kwa jioni, mwezi ukiwa juu mashariki, na hakuna tofauti ya Kigoma na Dar es Salaam ila urefu wa mwezi mbinguni. Katika saa zetu kivuli chaanza yapata saa 2 na dakika 9 usiku, upeo ni saa 3 na dakika 20, ambapo sehemu 39 katika 100 za upana zafunikwa, na mwisho ni kadiri ya saa 4 na nusu. Watoto wote watakuwa macho. Tarehe hiyo ni Alhamisi, na wazee wa pwani watauita usiku wa Ijumaa. Basi atakayebandika tangazo penye ubao wa kijiji na aandike majina yote mawili, Alhamisi baada ya magharibi, usiku wa kuamkia Ijumaa, na kando yake saa kwa Kiswahili. Sisi tumekwisha kuandika letu, na safari hii tumempelekea yule mzee alisome kwanza.